Nani Alimwona?

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, jiko la gesi na saa ya ukutani. Kitenge nimeshakishona, jiko linapika, na saa nimeitundika sebuleni juu ya mlango, ingawa hadi leo sijui mlitaka niitumie kwa kazi gani, maana kuku wangu hawana miadi na mtu. Mliniomba pia niseme maneno mawili matatu kuhusu kazi. Nilisimama, nikashukuru, nikakaa, na mkadhani furaha imenizidi. Haikunizidi. Kuna jambo nililotaka kuwaachia, nami sikuweza kulisema mbele ya watu wenye sahani za pilau mapajani. Sasa nimetulia hapa nyumbani Isansa, mahindi yamevunwa, hakuna anayenihimiza, kwa hiyo ninaandika.

Habari za vyeo mtaziuliza kwa wengine. Mimi nitaanza na chumba cha giza, ambacho ninyi hamkukijua na simwombei yeyote kati yenu akijue.

Niliingia idara ya eksirei nikiwa msichana mwembamba mwenye sauti kubwa, nimetoka shule moja ya karibu na Mbozi Mission nikiamini kwamba kupiga picha ni kubonyeza kitufe. Aliyenipokea ni Mzee Kibona. Wakati ule hakuwa mzee hata kidogo, lakini alitembea polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba la jirani, na jina likamshika. Alikuwa Mndali wa milimani Ileje. Kiswahili chake kilipanda na kushuka vilima kama vya kwao, na alipokasirika kilipanda tu. Mimi hakuniita kwa jina. Aliniita binti wa Isansa, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Siku hiyo ya kwanza alinifungia katika chumba cha giza akanionyesha kazi chini ya taa nyekundu: tangi la dawa ya kuitoa picha, la maji, la dawa ya kuigandisha, kisha maji tena. Dawa ile ilinuka siki kali, na harufu yake ilinifuata hadi kanisani, watu wakasogea upande wa pili wa benchi. Kila mara nilitaka kuivuta filamu nione imefikia wapi. Akaniambia kwamba filamu si chapati, haigeuzwi kuangalia kama imeiva. Nilicheka, nikaivuta tena, ikaharibika, na mgonjwa akarudiwa kupigwa. Hakunigombeza. Alinituma mimi mwenyewe nikamweleze mgonjwa kwa nini anavuliwa shati mara ya pili, na huyo mgonjwa alikuwa mama wa kwetu Isansa, rafiki wa shangazi yangu. Sikuvuta filamu tena.

Ufundi mwingine wa kazi mnaujua kuliko mimi, nanyi mna mashine zinazojisahihisha. Nataka mjue tabia yake moja. Kabla hajagusa mashine, Mzee Kibona alikuwa akitoka nje kwenye benchi la ndugu, anasimama mbele yao, mikono nyuma, anauliza: “Nani alimwona?” Hakuuliza anaumwa nini, kwa sababu hilo lilikwishaandikwa kwenye karatasi ya daktari. Alimtaka mtu aliyekuwepo jambo lilipotokea. Na akijibiwa kwamba aliyeona amebaki nyumbani ila amewasimulia, alitikisa kichwa. Maneno ya kupokezana hakuyataka. Niliona siku moja mfugaji wa Momba akiletwa kwa maumivu ya kifua, kaka zake wote wakielekeza vidole kifuani, mpaka mke wake aliyekuwa amekaa chini pembeni akaulizwa, akasema ng'ombe alimpiga teke mgongoni. Tukageuza kaseti, lile bati la filamu, na mbavu zilizovunjika zikaonekana kule nyuma. Mimi nilidhani ni ujanja mkubwa. Mzee alisema ujanja hauna nafasi hapo, mke ndiye aliyekuwa zizini.

Mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa ninaotaka kuwasimulia alikuwa dereva wa lori, Mzambia, aliyekuwa katika foleni ya mpakani Tunduma. Aliletwa na dereva mwenzake. Huyo mwenzake alijua Bemba na Kiingereza kidogo, na alishika kisogo chake mwenyewe akirudia, “Umutwe, mama. Umutwe ulekalipa.” Sisi wa huku hatuhitaji mkalimani kujua kwamba kichwa kinauma; kichwa tunakiita karibu hivyohivyo katika lugha zetu. Mzee Kibona akauliza swali lake kwa vidole na macho, na jibu likaja kwa vidole pia: walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori wanakunywa chai, rafiki yake akaangusha kikombe, akashika kichwa kwa mikono miwili, akatapika, akalegea.

Tulimpiga eksirei ya fuvu kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo. Ilitoka nzuri sana, mimi mwenyewe ndiye niliyeisafisha. Mzee aliitundika kwenye taa akaitazama muda mrefu. Akasema mfupa ni mzima, na alichonacho huyu kiko ndani ya mfupa, na ndani sisi hatufiki. Yule dereva alifariki kabla hajapata gari la kumpeleka Mbeya. Mzee alinawa mikono, akaenda nje kukaa na mwenzake, ambaye sasa alikuwa na malori mawili na dereva mmoja. Walikaa pale bila lugha ya kuongea. Mimi nilibaki na ile filamu nzuri mkononi nikaichukia.

Miaka ikapita kama inavyopita kazini, kwa kulalamika kuhusu umeme na kusubiri filamu kutoka bohari. Mzee Kibona alistaafu akarudi Ileje kwenye kahawa yake. Matangi yakaondolewa, chumba cha giza kikawa stoo ya mafagio. Kisha, wakati mimi nimeshaanza kuvaa miwani, tukaletewa mashine ya siti skani. Nilipelekwa Dar es Salaam kujifunza pamoja na watoto wa rika la binti yangu, nikarudi nikijua kuiendesha na nikiiogopa kidogo.

Mzee alikuja kuiona. Alipanda gari kutoka Ileje, amevaa koti lake la kanisani, akaizunguka ile mashine mikono nyuma, akachungulia tundu lake, akasema ni andazi kubwa. Nikamweleza kwamba inakata kichwa kwa macho, kipande kwa kipande, kama mkate wa siagi, na kwamba sasa ndani tunafika. Nikamwonyesha dirisha la kioo chenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi, tunapokaa sisi, na kipaza sauti cha kuongea na mgonjwa. Kina kitufe kimoja: ukikibonyeza, wewe unasikika kule ndani, ukikiachia, unamsikia yeye. Huwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Mzee alikipenda kitufe kile kuliko mashine yenyewe. Kisha akaniuliza benchi la ndugu tumeliweka wapi. Nikamwambia limehamishiwa kule mlango mkubwa, nyuma ya kona, ili watu wasijazane. Alisema, “Mbali.”

Siku hiyo tulikula naye ugali kantini, na ndipo aliponisimulia habari za mkwewe. Mwanaye Ambokile alikuwa ameoa, wakaishi wote katika boma moja. Wandali wa zamani wana heshima yao: mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, na mke huyo hamtaji mkwewe kwa jina. Familia nyingi zimeilegeza sasa. Ya Mzee Kibona haikuilegeza. Alinieleza kwamba kabla ya kupinda kona ya nyumba yake mwenyewe hukohoa, ili yule binti, jina lake Tumpe, apate nafasi ya kuingia jikoni. Nilimtania kwamba atakuja kupata ugonjwa wa mapafu kwa ajili ya adabu. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema binti yule ana adabu kuliko wanawe wote, na ndiye anayegeuza kahawa vizuri kwenye kichanja cha kuanikia, na kwa miaka yote binti huyo aliyokaa pale, yeye mzee hajui uso wake ukoje.

Mzee Kibona aliletwa kwetu wakati wa kuanika kahawa. Gari lilitoka Ileje, likashukia Mpemba, na nilikuwa natoka kunywa chai nilipoona koti la kanisani limetandazwa juu ya mtu kwenye kitanda cha magurudumu. Paji la uso lilikuwa na nyuzi mpya. Karatasi ilisema ameanguka jana yake akiwa kwenye kichanja cha kahawa, amejigonga, ameshonwa kituo cha afya, na sasa kichwa kinazidi kuuma. Alikuwa na fahamu. Alifumba macho kwa sababu ya mwanga, na shingo hakutaka iguswe, lakini aliposikia viatu vyangu alijua ni nani. Akaniuliza kama leo mashine ina umeme. Nikamwambia ina. Nilimlaza mwenyewe, nikamfunga mkanda, nikaenda nyuma ya kioo.

Ninyi mnajua picha ilivyokuwa, lakini nitaieleza kwa ajili ya yeyote atakayesoma haya asiye wa kazi yetu. Chini ya ubongo, katikati, kuna nafasi yenye maji, na kwenye picha hutokea nyeusi, yenye umbo la nyota. Damu mbichi hutokea nyeupe. Nyota ya Mzee Kibona ilikuwa nyeupe yote.

Daktari wetu wakati huo alikuwa Dokta Hamisi, kijana makini ambaye hakuwa na haraka ya kujionyesha, nami nilimheshimu kwa hilo. Alivuta kiti akaziangalia picha moja moja. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kuna njia mbili. Mtu akianguka akajigonga, damu inaweza kuvuja juu ya ubongo, nayo mara nyingi huangaliwa tu hadi inyonywe na mwili. Lakini damu iliyokaa pale kwenye nyota inamtia wasiwasi kwamba ilianza yenyewe: mshipa ulikuwa umevimba sehemu moja kama puto, ukapasuka, na kuanguka kukafuata. Kama ni hivyo, puto limeziba kwa muda tu. Linaweza kupasuka tena saa yoyote, na mara ya pili wengi hawapoi. Huyo lazima asafirishwe kwa wapasuaji wa ubongo, na haraka. Swali lake likawa moja: kichwa kilianza, au kuanguka kulianza?

Nilitoka nikazunguka kona hadi mlango mkubwa, kwenye lile benchi nililolihamishia mbali.

Ambokile alikuwa amekaa peke yake, suruali imejaa vumbi jekundu. Ni mtu mpole, mkubwa wa mwili kuliko baba yake. Nilimuuliza kama alimwona baba yake akianguka. Akasema hapana, alikuwa shambani, alimkuta chini karibu na kichanja, na mguu mmoja wa kichanja umevunjika. Akaongeza kwamba mguu ule ulikuwa mbovu na baba alimwambia autengeneze, naye aliahirisha. Alikuwa akilia bila sauti.

“Nani alimwona?” nikauliza.

Akatazama viatu vyake. “Mke wangu, mama. Ila huyo hawezi kuja huku. Baba yuko huku.”

“Amekuambia nini?”

“Kwamba ameanguka.”

“Ulimuuliza lingine?”

Hakuwa amemuuliza. Kwenye kituo cha afya nako hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hakupanda gari moja na baba mkwe. Alikuja nyuma kwa bodaboda, akasimama nje ya hospitali yetu. Hakuna mtu mbaya katika jambo hili. Kila mmoja alikuwa akilinda heshima ya mzee, na katikati ya heshima hiyo maneno ya aliyeona yalibaki mdomoni mwake.

Nilimkuta Tumpe nyuma ya jengo, penye kamba za kuanikia mashuka, amesimama kati ya shuka mbili ili asionekane dirishani. Alikuwa mwanamke mfupi, mtandio umefunika nusu ya uso. Nilimwambia mimi ni nani. Alinijua kwa jina la binti wa Isansa, akapiga goti kunisalimia, nikamwinua. Nikamwomba anisimulie, na mwanzoni hakuweza kusema ila kwamba ilikuwa bahati mbaya, hakukusudia kumtazama.

“Siku zote hukohoa,” akasema. “Jana hakukohoa.”

Alikuwa akigeuza kahawa. Baba mkwe akapinda kona kimya, na kabla Tumpe hajakimbia akamwona: mikono miwili kisogoni, macho yamefumba. Mzee alisimama, akafumbua macho, akasema kwa Kindali kwamba kuna kitu kimepasuka ndani ya kichwa, akatapika, kisha akaanguka mbele akaugonga mguu wa kichanja. Tumpe alipiga hatua, akasimama. Hakumgusa. Alikimbia kumwita jirani. Na wiki iliyotangulia, akaniambia akiwa bado ameshika ncha ya shuka, usiku mmoja alimsikia kupitia ukuta akianza ghafla kuguna kwa maumivu ya kichwa, mpaka asubuhi, na hakumwambia mtu, kwa sababu mkwe gani husema anasikiliza chumba cha baba mkwe?

Nilirudi mbio kwa umri wangu ule. Dokta Hamisi alisikiliza hadi mwisho, akaagiza tumpige tena, safari hii kwa dawa ya mshipani inayoonyesha njia za damu. Tukakiona kile kivimbe cha mshipa. Kilikuwa kidogo, kama punje moja ya kahawa, kimening'inia kwenye mshipa palepale katikati ya ile nyota. Kule kugumia kwa wiki iliyopita kulikuwa kuvuja kwa kwanza. Dokta alikwenda kupiga simu, na baada ya kusumbuka na mtandao akarudi akasema wamekubali kumpokea. Ataondoka alfajiri kwenda Mbeya, na kutoka Mbeya kwa ndege hadi Dar es Salaam. Hadi hapo ilikuwa ni kumlaza kimya, presha ishushwe, na kuomba.

Niliingia kumfungua mkanda. Mzee akaniuliza, macho yamefumba, “Binti wa Isansa, nani aliniona?”

Nikamwambia. Kisha akauliza amesema nini. Nikafungua mdomo nimweleze, akainua kidole.

“Si wewe. Yeye.”

Nilikuwa nimefanya naye kazi muda wa kutosha kujua hatatulia bila hilo. Dokta Hamisi aliruhusu dakika chache, mradi asisogezwe. Nikamfuata Tumpe kwenye mashuka, nikamweleza kwamba kuna kioo kinene na ukuta wa risasi kati yao, kwamba hatakanyaga chumba alimo baba mkwe, na kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyeomba. Ambokile alikuja akamwambia kwa Kindali neno moja tu, nadhani ni “nenda.” Akaja. Alisimama katika chumba chetu cha kuendeshea mashine akiwa amekipa kioo mgongo. Nikamwekea kidole chake kwenye kitufe.

Alisimulia yote, kwa Kiswahili, pengine kwa sababu lugha ya nyumbani ingemzidishia aibu. Kikohozi ambacho hakukisikia. Mikono kisogoni. Ile sauti ya usiku ukutani. Hakumtaja kwa jina. Mwisho akasema, “Baba, nilitaka kukushika. Nilishindwa. Unisamehe.” Kisha akalia, kidole kikiwa bado kimekandamiza kitufe kwa nguvu zake zote.

Nilikuwa nikitazama kupitia kioo. Niliona midomo ya Mzee Kibona ikisogea. Alikuwa akimjibu, maneno ya kwanza kumwambia tangu aolewe, na hayakutufikia, kwa sababu kitufe hakikuachiwa. Nikamwambia aachie. Alidhani namwambia basi, inatosha. Alijifunika uso akatoka akikimbia, na kipaza sauti kilipofunguka nilisikia pumzi tu.

Niliingia ndani nikamwinamia mzee, nikamwambia hakusikika. Akatabasamu kidogo upande mmoja. Kurudia kulimchosha, akapumzika katikati.

“Mwambie nami nilimwona. Alinyoosha mikono.”

Jioni ile nilimtafuta Tumpe sikumpata. Ndugu walikwisha kumpandisha gari la kurudi Ileje, boma lilikuwa halina mtu na kahawa iko nje. Alfajiri gari la wagonjwa liliondoka na mzee, Ambokile na muuguzi. Malori yalikuwa yamejaa barabara nzima kama kawaida yake. Walikuwa wamepita Mlowo, wamesimama katika foleni, mzee akasema kichwa, mara moja tu. Hakusema tena. Muuguzi alifanya yote aliyoweza kufanya mtu mmoja ndani ya gari. Ambokile alinipigia simu akiwa kando ya barabara, na sikuelewa alichosema kwa sababu ya honi, lakini nilielewa.

Nililia katika stoo ya mafagio, iliyokuwa chumba cha giza. Ilikuwa bado inanuka siki. Siku hizo zote za kazi nilikuwa nimejizuia kulia hospitalini, na sioni kwa nini niwafiche kwamba siku ile sikujizuia.

Nilikwenda kuzika. Boma lilijaa watu hadi kwenye migomba, matarumbeta ya kanisa yakipigwa, na kile kichanja kilikuwa bado pale, kimelala upande, kahawa imemwagika chini hakuna aliyeiokota. Wajomba walikuwa wamekaa karibu nacho. Sikuhitaji Kindali kingi kufahamu wanachosema: mguu mbovu, mwana mvivu, baba amekufa kwa ajili ya kipande cha mti. Ambokile aliketi mbali nao, kichwa chini, na alishaanza kuamini. Nilijaribu kumweleza mjomba mmoja habari za mshipa. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nilikuwepo. Sikuwepo.

Nikaenda jikoni. Tumpe alikuwa akisonga ugali wa msiba, moshi machoni. Nilimvuta pembeni nikampa ujumbe wangu, neno kwa neno kama nilivyoupokea, pamoja na lile tabasamu la upande mmoja. Alisimama na mwiko mkononi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akarudi kwenye sufuria akaendelea kusonga, nami nikadhani limekwisha.

Ukafika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu. Mchungaji alisoma kuzaliwa, ubatizo, kazi ya hospitali, ndoa, watoto. Akafika kwenye ugonjwa, akasoma kwamba alianguka kwenye kichanja cha kahawa. Mjomba mkubwa akasimama akasema kiongezwe, kichanja kibovu. Minong'ono ikaenea. Ambokile hakuinua kichwa. Mchungaji alishusha karatasi. Hakuwa amefanya kazi nasi, hakumjua mzee ila ibadani, na hakujua anatumia maneno ya nani.

“Nani alimwona?” akauliza.

Kisha wanawake wa jikoni wakapeana njia, na Tumpe akapita katikati yao, unga umekauka mikononi, akaenda hadi pembeni ya jeneza alimokuwa baba mkwe. Akashusha mtandio uso wote ukabaki wazi. Aliwaeleza kikohozi, mikono kisogoni, kwamba kichwa kilianza na kichanja kikafuata. Mjomba akamuuliza kwa ukali ilikuwaje mke wa mwana akamtazama baba mkwe.

Hakumjibu yeye. Aliweka kiganja juu ya jeneza, mara ya kwanza kumshika, akasema kwa sauti iliyofika hadi migombani:

“Mimi nilimwona. Na yeye aliniona.”